Neno Usilolijua, Waulize Majirani Zake

   

Wanafunzi wetu wapenzi,

Kila mwaka ifikapo Septemba, ndugu zenu wa darasa la saba hufanya mtihani wa Taifa. Ikifika Novemba, wa kidato cha nne nao huingia chumba cha mtihani. Katika miezi ya kabla ya hapo mikeka yetu ya madrasa hupungua watu, kwa sababu wengi wanakimbilia tuisheni. Wanaporudi kwetu wakati wa Magharibi, wengi wao hutuonyesha madaftari yenye orodha ndefu za maneno: kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Mwanafunzi anaimba orodha hiyo njiani, anaimba kwenye daladala, anaimba mpaka analala.

Juhudi hiyo tunaipongeza. Lakini sisi walimu wenu tunaona ni wajibu wetu kusema wazi kwamba kukariri orodha peke yake hakutoshi, na kuna wanafunzi inawapoteza. Tunataka mjifunze jambo la pili, nalo ni kulisoma neno mahali lilipokaa, pamoja na maneno yaliyo mbele na nyuma yake.

TATIZO LENYEWE

Katika shule zetu nyingi za Serikali, mtoto husoma masomo yake kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba, na Kiingereza ni somo moja tu miongoni mwa mengine. Akifika kidato cha kwanza mambo yanageuka. Historia, Jiografia, Biolojia, Hisabati, vyote viko kwa Kiingereza. Sisi tunaoandika haya tuliingia kidato cha kwanza mwaka 2006, katika miaka ambayo shule za kata zilikuwa zikijengwa kwa wingi. Tunakumbuka tulivyokaa tukimtazama mwalimu anavyofungua mdomo, tukinakili ubaoni tusichokielewa. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa, darasa zima tuliitikia ndiyo.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalishtua nchi nzima. Takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Serikali iliunda tume, na baadaye matokeo yakapangwa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, zikiwemo uhaba wa walimu na wa vitabu, na hatutaki kumtwisha mtu mmoja mzigo wote. Lakini anayefundisha watoto anajua kwamba ugumu wa lugha umo ndani yake. Mwanafunzi anaweza kuwa anajua jibu, lakini swali lenyewe hakulielewa.

Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja wa kidato cha kwanza alituletea daftari la Hisabati. Swali lilikuwa, "Find the product of 12 and 5." Aliacha nafasi tupu. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Maalim, product ni bidhaa. Sasa bidhaa ya 12 na 5 ni ipi?" Kijana huyu hakuwa mvivu. Aliikariri orodha yake vizuri, na katika somo la Biashara "product" ni bidhaa kweli. Lakini hapa neno limekaa katikati ya namba mbili, ndani ya daftari la Hisabati, chini ya mada ya kuzidisha. Majirani zake wote walikuwa wanamwambia kuwa hapa maana yake ni jawabu la kuzidisha, yaani 60. Hakuwauliza.

Maneno ya namna hiyo ni mengi. "Power" katika Uraia ni madaraka, katika Fizikia ni kasi ya kufanya kazi, na katika Hisabati ni kipeo. "Table" ni meza, lakini mtihani ukikuambia usome "table" hapo chini, usitafute meza, tafuta jedwali.

JAMBO HILI MNALIJUA TAYARI

Msiogope, kwani kazi hii mnaifanya kila siku kwa Kiswahili. Mama yupo jikoni, ameshika nazi iliyovunjwa, anakwambia, "Nenda kwa jirani ukaniazimie mbuzi." Hakuna mtoto wa Mbagala atakayerudi na kamba, mnyama akimfuata nyuma. Umeona nazi, umesikia neno kuazima, ukajua ni mbuzi ya kukunia. Vile vile, konda wa daladala akimwambia suka kwamba bado vichwa viwili gari ijae, hukuhitaji kamusi kujua kuwa vichwa ni abiria. Hakuna aliyekufundisha. Ulisikia neno mahali pake, ukalielewa.

Kwa nini basi akili hiyo tuiache nje ya lango la shule?

WATU WA ELIMU WALIFANYA HIVYO

Tena jambo hili ni la dini yetu kabla halijawa la shule. Wanazuoni wa tafsiri wana neno siyaqi, yaani mtiririko wa maneno yaliyotangulia na yanayofuata. Kwao, anayekata neno kutoka katika siyaqi yake yumo katika hatari ya kukosea.

Chukueni neno umma. Sisi tukilisikia, tunafikiria taifa au kundi la watu. Lakini katika Sura Yusuf aya ya 45, habari za yule aliyetoka gerezani akamkumbuka Nabii Yusuf (A.S.), neno hilo lina maana ya muda uliopita. Katika Sura An-Nahl aya ya 120, ambapo anatajwa Nabii Ibrahim (A.S.), lina maana ya kiongozi na mfano mwema. Na katika Sura Az-Zukhruf aya ya 22, wanaposema makafiri juu ya baba zao, lina maana ya dini au njia waliyoifuata. Neno ni moja, na kila mahali majirani zake ndio wanaotuonyesha maana.

Mnakumbuka pia kisa cha Adiy bin Hatim (R.A.), katika hadithi sahihi. Iliposomwa aya ya kufunga inayotaja uzi mweupe na uzi mweusi, aliweka kamba mbili chini ya mto wake, nyeupe na nyeusi, akawa anazitazama usiku asione tofauti. Mtume (S.A.W.) alimfafanulia kuwa makusudio ni weupe wa mchana na weusi wa usiku. Na ukiisoma aya hiyo ilivyo leo katika msahafu, ya 187 ya Suratul Baqara, baada ya nyuzi hizo linafuata neno alfajiri. Neno hilo moja linakuondoa kwenye kamba na kukupeleka mbinguni.

Hapa tuna la kujilaumu. Ni mara ngapi tumesikia mtu mtaani anamwambia jirani msengenyaji kwamba Qur'an imesema fitina ni mbaya kuliko kuua? Fitina ya Kiswahili ni uchonganishi wa maneno. Lakini someni aya ya 190 hadi ya 193 ya Suratul Baqara kwa pamoja. Zinazungumzia watu wanaopigwa vita na kutolewa katika makazi yao. Wanazuoni wameeleza kuwa fitna iliyotajwa hapo ni shirki, na kuwatesa Waislamu ili waiache dini yao. Usengenyaji ni haramu, na una aya yake katika Sura Al-Hujurat. Lakini aya hii haikuja kwa ajili yake. Kosa hilo na kosa la yule kijana wa "product" ni kosa moja. Tofauti ni kwamba kijana alipoteza alama, na sisi tunasema juu ya maneno ya Mwenyezi Mungu yale yasiyokuwemo.

NAMNA YA KUWAULIZA MAJIRANI

Ukikutana na neno usilolijua katika ufahamu, kwanza usisimame. Soma habari yote hadi mwisho, kisha rudi. Soma sentensi ya kabla, sentensi yenyewe, na ya baada yake. Halafu tafuta dalili hizi:

Ya kwanza ni maelezo. Mara nyingi mwandishi mwenyewe amelieleza neno lake. "A carnivore, that is, an animal which eats meat." Ukiona "that is" au "which means", ujue ni sawa na yaani ya Kiswahili, na maana inafuata.

Ya pili ni kinyume. "Asha is generous, but her brother never gives anything to anyone." Hujui "generous", lakini unajua "but" ni lakini. Kaka hampi mtu kitu, basi Asha ni kinyume chake, yaani mkarimu.

Ya tatu ni mifano. "Farmers grow cereals such as rice, maize and millet." Mpunga, mahindi na mtama kwa pamoja tunaviitaje? Nafaka. Umepata.

Ya nne ni sababu na matokeo. "Because of the drought, the rivers dried up and many cattle died." Mito imekauka na ng'ombe wamekufa. Kilicholeta hayo ni ukame.

Ya tano ni viungo vya neno lenyewe. Hapa mwanafunzi wa madrasa ana bahati, kwa sababu amezoea mizizi ya Kiarabu. Anajua kuwa kitabu, katibu na maktaba vimetoka katika mzizi mmoja, na kwamba darasa na madrasa ni ndugu. Kiingereza nacho kina viungo. "Care" ni uangalifu, na "less" ikikaa mwisho huondoa, basi "careless" ni asiye mwangalifu.

Baada ya hapo sema maana hiyo moyoni kwa Kiswahili chako. Kama swali ni la kuchagua, chukua kila jibu uliweke mahali pa neno lile, usome sentensi upya. Lile linaloifanya sentensi isimame sawa, ndilo.

TAHADHARI

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatukusema orodha zichomwe moto. Majirani wakiwa nao huwajui, hawatakusaidia. Mwanafunzi asiyejua "but", "because", "although" na "such as" hana wa kumuuliza, na maneno hayo madogo lazima ayakariri. Pia kuna sentensi ambazo hazina dalili yoyote, kama mtu anayesema tu kwamba jana aliona "kite". Hapo hata mwalimu atakisia.

Wala hatukusema kuhifadhi Qur'an ni jambo dogo. Kuhifadhi ni heshima, na anayehifadhi amebeba amana. Lakini tunakiri kwamba sisi walimu tumewazoesha watoto kutamka bila kuuliza. Mtoto anasoma Suratul Maun kila siku katika swala, na hajui kuwa inamzungumzia yatima na maskini wa mtaani kwake. Tabia hiyo anakwenda nayo shule. Kwa hiyo rai yetu kwa walimu wenzetu ni kwamba kila siku, baada ya kusikiliza hifadhi, zitengwe dakika kumi kwa aya moja au hadithi moja. Mtoto aulizwe neno hili hapa lina maana gani, na amelijuaje.

Na katika dini, tofauti na mtihani, hatuishii kwenye kukisia. Ukidhani umeelewa neno la Qur'an, nenda kwa maalim, fungua tafsiri. Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy (Allah amrehemu) hakutufasiria Qur'an kwa Kiswahili akaishia hapo. Aliweka na maelezo, kwa sababu alijua neno tupu linaweza kumpoteza msomaji. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwaulize wenye elimu tukiwa hatujui. Katika chumba cha mtihani hakuna wa kumuuliza, ndiyo maana unatumia dalili. Ukitoka nje, hakikisha kwa kamusi.

TUNAWAUSIA

Kila mmoja awe na daftari dogo. Ukikutana na neno jipya shuleni, gazetini au kwenye bango la barabarani, andika sentensi nzima, wala si neno peke yake. Chini yake andika ulichokisia, na chini zaidi andika ulichokikuta kwenye kamusi. Maneno matano kwa wiki si mzigo. Kwa wiki 40 ni maneno 200, na kila moja utalikumbuka na mahali ulipolikuta. Haba na haba hujaza kibaba.

Wazazi nao, hata kama Kiingereza hamkijui, mnaweza kusaidia. Mwambieni mtoto awasomee habari, kisha awasimulie kwa Kiswahili. Akishindwa kusimulia, mtajua kuwa alikuwa anatamka tu.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Sisi hatupendi hata mmoja wenu awe wa kutoambiwa. Tunataka mwaka kesho, yule aliyeacha nafasi tupu mbele ya "product" awe ndiye anayemweleza mdogo wake, na pia awe ndiye anayemsahihisha kwa adabu mtu mzima anayeitumia aya mahali pasipo pake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awafungulie vifua vyenu, awape elimu yenye manufaa, na awafaulishe katika mitihani yenu ya dunia na ya akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.