Bwato inunuliwe kwa akili: dekonti isiozee ndani ya maji

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kulinda nyumba,

Kila mara kompani inapopunguza watu, wengine wanachukua dekonti na kwenda kununua bwato, kule Kapolowe kwenye ziwa Tshangalele, ao Nzilo karibu na Kolwezi. Wazo si baya. Maziwa yote mawili yalizaliwa na kazi yetu: barazhi ya Mwadingusha, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1930, na kiisha ile ya Nzilo, zilijengwa kusudi viwanda vya shaba vipate nguvu. Lakini watu wengi wananunua mbuzi ndani ya gunia.

Chini ya mugodi, hakuna anayeanza kazi bila kugonga jiwe la juu kwanza. Bwato nayo igongwe, toka mbele mpaka nyuma. Mlio mukavu ni muti muzima; mlio mufu, kuna kuoza. Chomeka kisu: kikiingia sawa ndani ya mkate, rudi na franga zako. Gudroni mpya na rangi mpya visikudanganye, mara nyingi vinaficha ufa. Mbele ya kulipa, bwato iingie majini na mzigo, mukae mule nusu saa, muone kama inavuja.

Kuitunza njo kazi kubwa zaidi. Bwato ya muti moja ukiiacha kwa jua, inapasuka. Ukiiweka chini kwa udongo, muchwa wanaikula. Basi igeuze tumbo juu, kwenye magogo mawili, chini ya kivuli cha nyasi, mbali na pale maji yanapofika wakati wa mvua. Ile ya mbao za kuunga, ikikaa sana inje, mbao zinakauka na kuachana: iloweshe kwanza karibu na ukingo mpaka zivimbe, kiisha njo ubebe watu. Kafi ulale nazo nyumbani. Bwato bila kafi haiibiwi kwa urahisi, na mtoto hataiingiza majini peke yake.

Neno la mwisho ni la sendika. Watu wananunua moteri mbele ya jileti, wanasema jileti ni bei. Kwa mugodi tuligombana na wakubwa sababu ya kofia na viatu. Sasa tumekuwa wakubwa wa bwato yetu wenyewe, na tunapakiza watoto bila kitu! Asiye na jileti afunge kwa kamba bidoni mupya ya litre 20, tupu, yenye kufungwa vizuri, mtu apate ya kushika. Isiwe bidoni ya asidi ya kiwandani. Lakini bidoni haichukui nafasi ya jileti.

Ninaomba madelege wote: siku ya dekonti, wale wanaotaka bwato wakutane, wanunue jileti pamoja kwa bei ya jumla. Moteri itangoja.