Bogenvilia, si azalia, ndiyo ya Isiolo

Kanuni ya kupogoa azalia mara tu inapomaliza kuchanua ni sahihi kwa mmea huo, kwa kuwa matumba yake, yaani maua ambayo hayajafunguka, hujengeka mapema kwenye matawi ya msimu uliotangulia. Lakini azalia hupenda udongo wenye asidi na hewa ya ubaridi kama ya mashamba ya chai ya Limuru, na kuilazimisha kuishi katika joto la Isiolo ni kupoteza maji. Kichaka kinachostahili mkasi hapa ni bogenvilia, yenye asili ya Amerika Kusini, ambayo tabia yake ni tofauti, maana huchanua kwenye vitawi vichanga, hivyo tawi lililofupishwa huchipua mengine yenye uwezo wa kutoa maua. Ikumbukwe kwamba ile sehemu ya zambarau au nyekundu ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijiua cheupe kilicho katikati. Upogoaji mkubwa ufanywe karibu na mvua za Machi au Oktoba, ukianzia matawi makavu na yanayosuguana, kisha marefu yakatwe juu kidogo ya kifundo, yaani mahali jani linapochipukia. Mizizi ikishashika, maji yapunguzwe, kwa sababu kichaka kinachonyweshwa kila siku hunenepa majani na kusahau maua, kosa ambalo watunzaji wengi huliita upendo. Mbuzi, ambao mjini Isiolo hawahitaji mwaliko, wasiachiwe kazi ya kupogoa: wao huchana gome, na jeraha lililochanika huchelewa kufunga.