KISU CHA JIRANI NA MEZA YA WOTE



Tarehe 11 Februari 2013, siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu, mchungaji wa Kipentekoste aliuawa huko Buseresere, mkoani Geita, katika ghasia zilizotokana na swali la nani mwenye haki ya kuchinja nyama iuzwayo kwa watu wote. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu tuingie katika kipindi cha kujinyima nyama! Miaka imepita, lakini maneno yaliyouwasha moto ule hayajazimika. Yanasemwa kwa sauti ya chini katika jumuiya zetu, na mara nyingine kwa sauti ya juu na watu waliopewa dhamana ya kufundisha.

Husemwa hivi: Mkristo alaye nyama iliyochinjwa na Mwislamu anakula sadaka ya sanamu, kwa hiyo tuwe na machinjio yetu, bucha letu na kisu chetu. Tunatamka wazi kwamba hayo si mafundisho ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulikiri kwamba Waislamu humwabudu Mungu mmoja, Muumba wa vyote. Mwislamu achinjapo hulitaja jina la Mungu. Sanamu iko wapi? Na hata kama ingekuwapo, Mtume Paulo alikwisha kuwaandikia Wakorintho (1 Kor. 8 na 10) kwamba sanamu si kitu, na kwamba nyama ya sokoni wainunue pasipo kuuliza-uliza.

Anayemtumia Paulo kuhalalisha ugomvi wa bucha hajamsoma mpaka mwisho. Maana Paulo yule yule, aliyejijua kuwa yu huru kula chochote, ndiye aliyeona heri kuiacha nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu. Mtu atajibu: ndugu huyo alikuwa Mkristo. Ni kweli, lakini Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alimtaja Msamaria.

Tena tukumbuke mkutano wa Yerusalemu (Mdo. 15). Mitume na wazee hawakuwatwika watu wa mataifa torati yote ya Musa, lakini waliwataka wajiepushe na damu na nyama ya mnyama aliyenyongwa. Kwa nini vyakula hivyo, wakati Petro alikwisha kuoneshwa kwamba alichokitakasa Mungu kisiitwe najisi? Ni kwa sababu mezani walikuwapo Wayahudi, ambao tangu utoto wao hawakula damu. Kanisa lilikuwa bado changa, na tayari lilijua kwamba mwenye uhuru mkubwa zaidi ndiye awezaye kusogea ili mwenzake apate nafasi ya kukaa.

Fikirini harusi kijijini. Ng'ombe akichinjwa na Mwislamu, sote tunakula, na dhamiri ya Mkristo haipungukiwi kitu. Akichinjwa na sisi, jirani yetu hubaki na wali mkavu, au huaga mapema akisingizia safari. Hasara hizi mbili hazilingani, na anayedai kwamba zinalingana hajapata kumtazama jirani yake akiwa na sahani mkononi. Wako wanazuoni wa Kiislamu wasomao katika Sura ya Al-Maida, aya ya 5, ruhusa ya kula chakula cha Watu wa Kitabu. Hata hivyo si kazi yetu kumfundisha jirani dini yake ili tupate kumshinda.

Lakini haki ina upande wa pili, nao tusiufiche. Mnamo Aprili 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam. Ulikuwa uovu, na haukuwa na udhuru wowote. Mwenye kuuza nguruwe (ile ambayo mjini huitwa kitimoto) ana haki ya kulindwa na sheria sawa na muuza dagaa. Mkristo achinjaye mbuzi wake nyumbani kwake hana kosa, na ofisa amtishaye kwa jambo hilo anavuka mpaka wa madaraka yake. Desturi ya kumwachia Mwislamu kisu ilizaliwa katika ujirani; zawadi hiyo ikidaiwa kwa amri ya ofisi, inakuwa kodi, na watu huichukia.

Kwa hiyo tunaagiza hivi. Kabla ya Pasaka, halmashauri ya kila kigango iwaendee wazee wa msikiti ulio karibu. Tusingoje waje wao. Wakubaliane nani atachinja katika machinjio ya wote, na ujira wake utalipwa na nani, maana mara nyingi chini ya neno dini zimefichwa shilingi za ujira huo. Nyama ya nguruwe iwe na mahali pake pa wazi pa kuchinjiwa na kuuziwa, na visu na mizani yake isichanganywe na ya ng'ombe. Makubaliano yaandikwe, na nakala moja apewe ofisa mtendaji wa kijiji. Na sikukuu ya Somo wa parokia itakapofika, mchinjaji aitwe asubuhi, kabla ya Misa, naye abakizwe mpaka chakula kiive.