Meli Itie Nanga Wapi?

Mpwa wangu, muuguzi anayeishi Houston, aliniandikia majuma mawili yaliyopita. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaingia kwenye haja yake. Yeye na mkewe wameweka akiba kwa ajili ya likizo ya siku saba katika meli ya kitalii itokayo Galveston, naye amepewa ratiba mbili achague moja. Ana cheti cha kuzamia kwa mtungi wa hewa hadi mita 18. Mkewe huogelea juu juu kwa miwani na bomba la kupumulia. "Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea. Ratiba ipi itatufikisha kwenye matumbawe yaliyo hai?"

Nililipokea kama swali jepesi la mapumziko. Nilipoketi kulijibu nikatambua kuwa ni swali la utawala, na kwamba linatuhusu sisi tulio huku kuliko linavyomhusu yeye.

Nianze na yasiyo na siasa ndani yake. Abiria wa meli hana siku bandarini, ana saa. Meli ikifika saa mbili asubuhi na kuwataka abiria warejee saa kumi alasiri, ukiondoa foleni ya kushuka na ya kupanda, zinabaki saa sita hivi. Kituo chenye mwamba mzuri ulio saa mbili kwa barabara si kituo kizuri kwake. Pili, atazame upepo. Katika Karibi upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, ndiyo maana Cozumel, Grand Cayman na Bonaire huzamiwa zaidi upande wa magharibi, ambako maji hutulia. Tatu, aepuke bandari zilizo kwenye midomo ya mito, kwa kuwa tope na maji yasiyo na chumvi ni adui wa matumbawe. Na mzamiaji asipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu atoke majini, ingawa msafiri wa meli husalimika kwa hili, maana siku ya mwisho kwa kawaida huwa ni ya kukata bahari tu.

Kwa vipimo hivyo, ratiba yake ya kwanza ilianguka mapema. Vituo vyake viwili kati ya vitatu ni fukwe zilizojengwa na makampuni ya meli yenyewe, zenye mabwawa na uzio. Huko hakuna cha kuzamia.

Ratiba ya pili ilikuwa na Cozumel na George Town, nayo ndiyo iliyonikesha.

Cozumel ina mwamba wa Palancar, ambako mkondo humbeba mzamiaji pembeni mwa kuta za matumbawe naye asipige teke hata moja. Lakini kisiwa hicho kina gati tatu za meli za kitalii. Mwaka 1996, vikundi vya wanamazingira vya Mexico vilipeleka malalamiko kwa Tume ya Ushirikiano wa Mazingira ya Amerika ya Kaskazini, vikidai kuwa gati moja, lililokuwa likijengwa jirani na mwamba wa Paraíso, liliidhinishwa pasipo tathmini kamili ya athari. Tume ikachunguza, ikachapisha kumbukumbu ya mambo iliyoyakuta mwaka 1997, na gati likajengwa. Tume yenyewe haikuwa na mamlaka ya kuzuia chochote. Mwaka huo huo wa 1996 serikali ilitangaza miamba ya Cozumel kuwa hifadhi ya taifa. Mkono mmoja ukatia saini ya hifadhi, wa pili ukamimina zege. Maradhi yanayoyeyusha nyama ya matumbawe yalipofika mwaka 2018, wenye mamlaka walilazimika mwaka uliofuata kufunga kwa muda sehemu za hifadhi, Palancar ikiwamo. Sisemi kwamba meli ndizo zilizoleta maradhi. Nasema tu kwamba mgonjwa aliyekwisha kuchoka hana nguvu ya kupambana na homa mpya.

George Town, mji mkuu wa Visiwa vya Cayman, una habari nyingine. Meli kubwa hazina gati pale. Hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa boti. Ni usumbufu, nami nilimwonya mpwa wangu juu ya foleni. Lakini akishafika nchi kavu, atatembea kwa dakika kumi hivi na kufika Eden Rock, aingie majini kwa ngazi, naye mkewe aelee juu yake wakiutazama mwamba mmoja. Mwamba huo ungali pale kwa sababu watu walibishana kwa ajili yake.

Serikali ya visiwa hivyo ilitaka kujenga gati, jambo ambalo lingehitaji kuchimba sakafu ya bandari na kuangamiza ekari kadhaa za matumbawe. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: meli zinazidi kuwa kubwa, na makampuni hayapendi kushusha maelfu ya watu kwa boti. Madereva wa teksi na wenye maduka walikuwa na haki ya kuogopa. Ila Katiba yao ya mwaka 2009 inawaruhusu robo ya wapiga kura kudai kura ya maoni, na wananchi wakazikusanya saini hizo moja moja. Kura iliyopangwa kufanyika Desemba 2019 ikakwama mahakamani, kisha mradi ukafifia. Swali liliporejeshwa Aprili 2025, siku ya uchaguzi mkuu, walio wengi waliikataa gati.

Msomaji asidhani nawapamba. Agosti 2014, palepale mbele ya George Town, nanga na mnyororo wa meli moja ya kitalii vilisaga matumbawe, na mzamiaji aliyekuwa chini akapiga picha ulimwengu ukaona. Bonaire imekuwa makini zaidi: tangu hifadhi yake ya bahari ilipoanzishwa mwaka 1979, kutia nanga juu ya matumbawe ni marufuku, boti hufungwa kwenye maboya, na mzamiaji hulipa ada ya kuitunza hifadhi. Kama ratiba ingefika huko, nisingekuwa na la kufikiri.

Sasa nirudi pwani yetu. Meli za kitalii zinatia nanga Unguja na Mombasa, na kila inapofika tunasikia idadi ya abiria walioshuka. Idadi hiyo hutangazwa kama mavuno. Sijasikia tangazo lililoanza na mahali nanga ilipoangukia, wala boti ngapi zilizowachukua wageni hao zilifungwa kwenye boya, wala ada yao ya hifadhi ilifika kijiji gani. Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: takwimu hizo tatu mnaweza kuzikusanya kwa daftari na kalamu.

Na tusiseme kwamba hatujui kufanya. Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968, kabla ya Bonaire. Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, imelindwa rasmi tangu mwaka 1994, na miongoni mwa walinzi wake wa kwanza walikuwamo wavuvi wa maji yale yale. Nyumba za wageni ni saba tu, na kuzamia kwa mtungi hakuruhusiwi. Hata mahakama zimekwisha kusema: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari, ikikosoa jinsi wananchi walivyowekwa kando. Wanafunzi wangu wa sheria waisome hukumu hiyo pamoja na kura ya Cayman, watazame tofauti moja: wavuvi wa Lamu walishinda baada ya sakafu ya bahari kuchimbwa.

Mpwa wangu amelipia ratiba ya pili. Cozumel atazamia, kwa kuwa ada ya hifadhi nayo ina kazi yake. George Town wataogelea wote wawili. Ameuliza pia kuhusu Desemba, watakapokuja nyumbani. Nimemwambia aje wakati huo wa kaskazi, aandike nafasi ya Chumbe mapema, na mtungi wake auache Houston.