KITI CHA UBUNGE SI MALI YA MTU (Sehemu ya 5)

Mama zangu wa Bukoba na Muleba! Sehemu iliyopita tuliongea chanjo, leo naomba tuongee siasa kidogo. Usiondoke kwanza! Sikutumi umchague fulani, mimi ni nesi tu. Ila zahanati yako na jimbo lako vimeshikana.

Tuanze na Bukoba Mjini. Mwaka 2000 wananchi walimpa Wilfred Lwakatare wa CUF. 2005 wakampa Khamis Kagasheki wa CCM, na 2010 wakamrudisha. 2015 kiti kikarudi kwa Lwakatare, safari hii kupitia CHADEMA. 2020 kikaenda kwa Stephen Byabato wa CCM. Hesabu mwenyewe: chaguzi tano, kiti kimehama chama mara tatu.

Twende Muleba Kusini. 2010 alichaguliwa Anna Tibaijuka, mama aliyewahi kuongoza UN-Habitat. Si viti maalum, ni jimbo kabisa. Desemba 2014 aliondolewa uwaziri wa ardhi, lakini 2015 wapiga kura wakamrudisha bungeni. 2020 jimbo likaenda kwa Oscar Kikoyo.

Kwa hiyo anayekwambia "kura haibadilishi kitu" hajasoma historia ya kwetu. Watu wa huku wanajua kutoa kiti na wanajua kukichukua.

Sasa swali langu: mbona tumebadilisha watu hivyo, na bado kuna mama wa kisiwani Muleba anashikwa na uchungu usiku akisubiri mtumbwi? Mimi naona ni kwa sababu tukishapiga kura tunakaa kimya miaka mitano. Siku ya kura foleni ya akina mama ni ndefu, siku ya mkutano wa kijiji tunamwachia baba. Na baba, waitu, hajui kwamba chumba cha kujifungulia hakina taa. Wewe ndiye unayejua.

Mbunge si wa Dodoma tu. Yeye ni mjumbe wa baraza la madiwani, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Jimbo uliowekwa kwa sheria ya 2009. Hela hiyo ni ya miradi ya wananchi, kwa hiyo kuuliza imefanya nini kwenye kata yenu si utovu wa adabu. Mkutano mkuu wa kijiji nao unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe.

Basi tufanye hivi. Mkutano ujao nenda, hata kama mtoto yuko mgongoni. Nyoosha mkono, uliza swali moja tu: "Zahanati yetu imepangiwa nini mwaka huu?" Akiuliza mmoja watamwambia subiri. Wakiuliza kumi, majibu yatatafutwa.

Kanga ya kampeni inachakaa, mama. Zahanati yenye maji na taa itamhudumia hadi mjukuu wako.

Sehemu ya 6 tutaongea uji wa mtoto. Mtumie na jirani asome.