Van ya starehe ya Kimarekani: mwache ndugu yako aifaidi hukohuko

Siku hizi maswali ya magari yananijia karibu sawa na maswali ya mbolea. Moja linajirudia. Kijana wa familia aliyeko Marekani ametuma picha za van kubwa iliyotumika. Ndani ina viti kama vya sebuleni, mapazia, taa za dari, televisheni, na kiti cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda. Bei ya huko ni nafuu. Anaomba familia ichangie gharama ya meli. Wikendi van itawapeleka matembezini, siku za kazi itabeba nyanya sokoni. Je, muuze magunia mchangie?

Jibu langu ni hapana. Kijana akiipenda, ainunue kwa fedha yake na aitumie hukohuko. Magunia yako yabaki mtaji.

Kwanza ujue gari lenyewe. Ni van za kawaida za kazi, kama Ford Econoline, Chevrolet Express na Dodge Ram Van, zile zinazobeba vifaa vya mafundi bomba na mafundi umeme kule Marekani. Zikitoka kiwandani zilipelekwa kwenye karakana nyingine, nyingi zikiwa jimbo la Indiana, zikawekewa mbao, mazulia na viti vya kifahari, na nyingine paa likainuliwa. Zilivuma sana kuanzia miaka ya 1970 hadi 1990. Familia ilipanda na watoto Ijumaa jioni, ikalala kando ya ziwa au kwenye hifadhi, Jumapili ikarudi. Kwa kazi hiyo, kwenye barabara zile na kwa mafuta ya bei ya kule, ni gari zuri.

Sasa lilete huku. La kwanza ni mlango. Marekani wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani uko kushoto na mlango wa abiria wa ubavuni uko kulia. Sisi tunaendesha kushoto. Ukisimama pembeni, watoto wako watashukia katikati ya barabara, malori na bodaboda zikipita. Na dereva akitaka kulipita lori, lazima achomoze gari zima ndipo aone mbele. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nikatae.

La pili ni mafuta. Nyingi zina injini ya V8, na lita 18 kwa kilomita 100 ni jambo la kawaida. Morogoro hadi Dar es Salaam na kurudi ni kama kilomita 380, yaani lita 68 hivi. Gari dogo la familia linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 lingemaliza lita 38.

La tatu ni ushuru. Kwa viwango vilivyotumika Tanzania kwa miaka kadhaa, gari la abiria wachache lenye injini kubwa na umri wa zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, nyongeza ya uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18. VAT hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru. Gari ambalo pamoja na usafiri wake limethaminiwa shilingi milioni 10 litadaiwa zaidi ya milioni 10 nyingine, kabla ya tozo ndogondogo na malipo ya wakala. Thamani hiyo huikadiria TRA yenyewe, si risiti ya kijana wako. Na kwa kuwa gari lina urefu wa karibu mita 5 na nusu, meli nayo itadai zaidi, maana hutoza kwa ukubwa. Msomaji wa Kenya, wewe huna hata haja ya kupiga hesabu: kwenu gari la usukani wa kushoto haliruhusiwi, isipokuwa magari maalumu, wala gari lililozidi miaka 8.

La nne ni hizo nyanya. Zulia halioshwi kama bodi ya pikapu. Maji ya nyanya yakipenya chini ya zulia, mbao zinaoza na bati linashika kutu. Ukiamua kung'oa viti na mazulia, umetupa kile kilichokufanya ulipende. Likiharibika, fundi wa kijijini hana spea zake.

Je, kijana anunue ya kwake huko? Kama ana akiba, mpe baraka na umpe na masharti haya. Alale chini atazame uvunguni, hasa katika majimbo ya kaskazini ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi. Chumvi hiyo hula chesisi. Anuse ndani na kushika dari kwenye kona, maana paa lililoinuliwa huvuja kwenye maungio. Achomoe kijiti cha oili ya giaboksi. Ikinuka kuungua, aondoke. Kama ni Ford ya V8 ya mwishoni mwa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000, aulize kuhusu plagi, kwa sababu injini hizo zinajulikana kwa kuzitema. Asome hati ya umiliki aone kama gari liliwahi kuandikwa kuwa limeharibika kwa ajali au mafuriko. Na apime urefu wa mahali anapoegesha, kwani zenye paa refu haziingii kila gereji.

Sharti la matairi ni lako pia, hata ukinunua pikapu ya mtumba hapa kwetu. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Ukiona 2318, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari linaloegeshwa sana huwa na matairi yenye kashata nzuri lakini mpira umezeeka. Usidanganywe na kashata.

Mwisho, kabla familia haijanunua gari lolote la starehe, pigeni hesabu ya siku. Tuseme bima, matengenezo, matairi na mafuta vimefika shilingi milioni 3 kwa mwaka. Mlisema mtatoka kila wikendi, lakini kuna palizi, kuna misiba, kuna mvua, mkatoka siku 24 tu. Kila siku moja ya starehe imewagharimu shilingi 125,000, bila kuhesabu bei ya gari. Sasa uliza kwenu kukodi Noah na dereva wake kwa siku moja ni bei gani. Kama kukodi ni nafuu, kodini, mkapumzike, mrudi mkalale bila deni.

Simkatazi mkulima kupumzika. Anayelima miezi tisa ana haki ya kuwapeleka wanawe kuona bahari. Ninachokataa ni starehe kupewa jina la biashara ili mtaji upatikane. Ng'ombe asiyekamwa naye anakula majani, na gari lililoegeshwa linadai bima na linazeesha matairi. Likinunuliwa kwa ziada ya mavuno, hilo ni jambo la familia. Likinunuliwa kwa fedha ya mbegu, msimu ujao shamba ndilo litakalolala.

Basi mjibu kijana kwa upole: mwanangu, nunua, tembea, ututumie picha. Na kama anasisitiza kuisaidia familia, kile alichotaka kulipa kwenye meli na bandarini akitume kama kilivyo. Nyinyi huku mnajua kazi ya kukifanyia.