Chongo na Kengeza: Dhidi ya Visawe vya Uongo katika Tafsiri ya Istilahi za Mirathi

Katika mijadala ya tafsiri inayoendelea katika idara zetu za Kiswahili, umezuka mtindo wa kuipima kazi ya mfasiri kwa kigezo kimoja tu: je, amepata kisawe? Aliyekipata husifiwa. Aliyekopa neno la lugha chanzi huitwa mvivu au, vibaya zaidi, mtumwa wa lugha ya mkoloni. Makala haya yanaupinga mtindo huo. Tunashikilia kwamba kisawe cha uongo kina madhara makubwa kuliko neno la kukopa, na kwamba jambo hili hudhihirika zaidi katika istilahi za mirathi, ambako kosa la mfasiri huweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Mfano wetu mkuu tunauchukua Italia, maadamu mfano wa nyumbani huamsha hamaki kabla ya kuamsha fikra. Nyumbani tutarudi.

Sheria ya Uingereza ina utaratibu uitwao "trust". Mtu humkabidhi mwenzake mali. Huyo mwenzake huwa mmiliki wake kisheria, lakini haruhusiwi kuifaidi kama yake. Wanaofaidi ni wengine waliotajwa. Umiliki umepasuliwa: jina liko kwa mmoja, tunda liko kwa mwingine. Mpasuko huu ulizaliwa na historia, pale Mahakama ya Chansela ilipoanza kuwalinda watu ambao mahakama za sheria ya kawaida hazikuwatambua. Mwitaliano, mrithi wa sheria ya Kirumi, hana mpasuko huo. Kwake umiliki haugawanyiki kwa namna hii, na kifungu cha 2740 cha Codice civile ya 1942 humwajibisha mdaiwa kwa mali yake yote, ya sasa na ya baadaye.

Watetezi wa kisawe watasema kwamba Kiitaliano ni lugha tajiri, hakikosi neno. Kwa hakika hakikosi. Lipo "fedecommesso", lipo "negozio fiduciario", ipo "fondazione". Hebu tuyapime. Fedecommesso ulikuwa utaratibu wa kuifunga mali ya makabaila ndani ya ukoo, kizazi baada ya kizazi. Codice ya 1865 iliupiga marufuku, na katika Codice ya sasa umeachiwa nafasi finyu tu, kwa ajili ya matunzo ya mtu asiye na uwezo wa kisheria. Negozio fiduciario humpa mwaminiwa umiliki kamili, na ahadi aliyoitoa hubaki kuwa wajibu wake binafsi. Akifilisika, wadai wake huweza kuikamata mali hiyo. Katika trasti hawawezi. Nayo fondazione ni taasisi yenye nafsi yake ya kisheria, ilhali trasti haina nafsi. Kila kisawe kinafanana na asili usoni na kuikana moyoni. Wahenga walisema, akipenda, chongo huita kengeza; mfasiri anayekipenda kisawe kupita kiasi naye hufanya vivyo hivyo.

Waitaliano walifanyaje? Italia iliuridhia Mkataba wa Hague wa tarehe 1 Julai 1985 kuhusu trasti kwa Sheria nambari 364 ya mwaka 1989, na Mkataba ukaanza kutumika huko tarehe 1 Januari 1992. Neno "trust" likaachwa kama lilivyo. Hata matini ya Kifaransa, ambayo ni rasmi sawa na ya Kiingereza, haikulitafsiri. Lakini ukopaji huo haukuwa wa kiholela. Mwenye kutoa mali aliitwa "disponente". Mfaidi akawa "beneficiario". Anayemchunga mwenye kukabidhiwa mali akaitwa "guardiano". Ni mwenye kukabidhiwa tu aliyebaki "trustee". Walipoweza kusema kwa Kiitaliano, walisema. Walipofika kwenye kiini ambacho Kiitaliano hakikuwa nacho, walikopa. Muhimu zaidi, kifungu cha 2 cha Mkataba kinaeleza trasti ni nini, na cha 11 kinaeleza kwamba wadai binafsi wa trustee hawana njia ya kuifikia mali ile. Neno lilikopwa pamoja na maelezo yake. Leo lina makazi yake: Sheria nambari 112 ya mwaka 2016, inayohusu matunzo ya watu wenye ulemavu mkubwa waliokosa msaada wa wazazi, inaitaja trasti kuwa mojawapo ya njia za kuwalinda.

Hatari kubwa zaidi imejificha katika maneno yanayofanana kama mapacha. "Executor" wa Kiingereza na "esecutore testamentario" wa Kiitaliano wametoka katika shina moja, lakini kazi zao hazilingani. Wa kwanza huwa na hatimiliki ya mali ya marehemu. Hulipa madeni, kisha hugawa kilichobaki. Wa pili hutekeleza wosia, lakini warithi waliokubali urithi ndio wenye mali; yeye hushika mali hiyo kwa muda usiozidi mwaka mmoja, na mahakama haiwezi kumwongezea zaidi ya mwaka mwingine mmoja. Aidha, kumwita mfaidi wa Kiingereza "erede" ni kumtwisha mzigo asioujua, kwani erede aliyekubali urithi bila kinga ya orodha ya mali hulipa madeni ya marehemu hata yakizidi mali iliyoachwa. Neno moja lililotafsiriwa kwa wepesi humgeuza mpokeaji kuwa mdaiwa.

Msomaji wa jarida hili la uhakiki atauliza fasihi imeingiaje hapa. Na aifungue riwaya ya Dickens, Bleak House, iliyotoka kati ya 1852 na 1853. Kesi ya Jarndyce inahusu wosia na trasti zilizotokana na wosia huo, na mwishoni mali yote humezwa na gharama za kesi. Mfasiri wa Kiitaliano akimpa msomaji wake "fedecommesso", msomaji ataona masalia ya ukabaila na kuilaumu damu ya ukoo. Atakuwa amekosea. Dickens anaishtaki mahakama iliyojiweka kati ya jina la mali na tunda lake, ikala katikati. Asiyeuelewa mpasuko ule hawezi kuelewa kwa nini Richard Carstone anangoja hadi anakwisha. Kisawe kizuri kitakuwa kimemnyang'anya msomaji dhamira ya riwaya.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba kukopa ni kusalimu amri. Italia haikuwa koloni la Uingereza, na ina nyuma yake urithi wa sheria wa miaka elfu mbili; ilikopa bila kuona haya. Lakini historia ya pwani yetu inatufundisha kwamba kukopa peke yake hakutoshi. Majaji wa Kiingereza walilikopa neno "wakfu" wakaliandika katika hukumu zao. Maana yake hata hivyo waliipima kwa "charity" yao, ambayo haihesabu kuitunza jamaa yako kuwa sadaka, ilhali katika Uislamu matunzo ya jamaa ni ibada. Mwaka 1894, Privy Council ya London ilibatilisha wakfu wa familia kutoka Bengal kwa hoja kwamba maskini walitajwa tu kama wafaidi wa mwisho, ukoo ukikatika. India ililazimika kutunga sheria mwaka 1913 ili kuurekebisha msimamo huo. Bado msimamo uleule ulitumiwa dhidi ya wakfu kutoka Kenya katika uamuzi uliochapishwa mwaka 1952. Neno lilisalimika, kilichouawa ni maana, kwa mkono wa kisawe.

Sasa tujitazame. Tunamwita trustee "mdhamini", neno ambalo pia humtaja anayemdhamini mshtakiwa mahakamani na kampuni inayogharimia mashindano ya kandanda. Tunaiita trasti "amana", na mwenye kuweka amana kwa jirani anajua kwamba mali bado ni yake. Sheria yetu ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humkabidhi msimamizi mali ya marehemu kwa mtindo wa Kiingereza. Mjane anayeambiwa kwamba shemeji yake ni "msimamizi" huelewa kwamba ni mwangalizi. Haelewi kwamba hatimiliki imeingia mikononi mwa shemeji, wala kwamba sheria inamfunga huyo shemeji kutoa hesabu. Maarifa hayo ndiyo ngao yake, na mfasiri amemnyima.

Hatusemi kila neno likopwe. "Wasia", "mirathi", "wasii" na "wakfu" ni mali yetu, na zina ufafanuzi wake katika fikihi. Tusiache mbachao kwa msala upitao. Tunasema kwamba mfasiri asikubali kuwapa wasomaji kisawe kabla ya kujibu maswali matatu: mali ni ya nani, nani anaifaidi, na nani anaweza kuikamata? Kisawe kikiyajibu sawasawa na asili, na kitumike. Kisipoyajibu, mfasiri akope neno, na alipe deni la ukopaji huo kwa kulieleza.